Godoro la hewa lenye pampu na rimoti: watu hulalamikia nini zaidi? Nijue kabla sijalipa

Mtoto_wa_Pangani

Wakuu, habari za huko mliko. Wenye ujuzi wa magodoro naomba msaada. Sizungumzii lile la kupuliza la wageni au la kambini. Ni hili la kudumu linalouzwa hapa Marekani, lenye mifuko miwili ya hewa ndani, pampu chini ya kitanda na rimoti, kila mtu anaweka ugumu wake kuanzia 0 mpaka 100.

Mazingira: Minnesota, ghorofa ya tatu, sakafu ya mbao. Mume ratili 230, mke ratili 140, mmoja anataka gumu, mwingine laini. Saizi ni kwini. Ndani ya miaka miwili kuna uwezekano wa kuhama. Dukani kila kitu ni kizuri, ila maoni ya wanunuzi yanapingana: mmoja anasema halishikilii hewa, mwingine lina bonde, mwingine anaganda kwa baridi. Lipi ni kasoro ya kweli na lipi ni la mtumiaji mwenyewe? Na niulize nini kabla ya kutoa kadi?

---

Fundi_Sponji

Karibu mkuu. Jina la godoro hili linawapoteza wengi. Linaitwa la hewa, lakini mwili wako haugusi hewa. Ukifungua zipu ya pembeni utakuta hivi: kava juu, chini yake tabaka la sponji, inchi 2 kwa yale ya bei ya chini na zaidi ya hapo kadiri bei inavyopanda, ndipo ije mifuko miwili. Mifuko imezungukwa na kuta za sponji ngumu mithili ya kreti, na sponji nyembamba imetandikwa chini. Hewa inasukuma kutoka chini tu. Kinachopokea bega na nyonga ni sponji ya juu, na ndiyo inayochoka kwanza.

Kwa hiyo lalamiko kubwa kuliko yote ni bonde. Sponji pale anapolala mtu inabonyea na haiinuki tena. Mwenye godoro anapandisha namba, 60, 75, 90, na bonde liko pale pale. Haliwezi kuondoka, maana mfuko umejaa sawasawa, tatizo liko juu yake. Anachopata ni bonde gumu. Ndiyo maana utasoma "pampu nzima, hewa ipo, mgongo unauma". Huyo hana shida ya hewa.

La pili ni tuta la katikati. Mume akiweka 80 na mke 35, pande mbili hazilingani kimo, na kati yake kuna ukuta wa sponji unaotenganisha mifuko. Ukuta ule haupandi wala haushuki na namba. Upande laini unazama, ukuta unabaki umesimama. Wanaopenda kulala karibu karibu wanajikuta mmoja yuko juu ya tuta. Si kasoro ya kiwandani, ni umbo lenyewe la kitu. Tabaka la juu likiwa nene na ni kipande kimoja kwa upana wote, tuta linafichika. Likiwa inchi 2 utalihisi usiku wa kwanza.

Muulize muuzaji uzito wa sponji kwa futi moja ya ujazo. Sponji ya kawaida isipungue ratili 1.8, na kwa mtu wa ratili 230 tafuta 2 au zaidi. Sponji ya memori, ile inayobonyea polepole kufuata mwili, isipungue 4. Akikujibu kwa jina la kibiashara la hiyo sponji badala ya namba, bado hujajibiwa.

Halafu uliza kama tabaka la juu linauzwa peke yake. Likiuzwa, godoro lina maisha ya pili: unafungua zipu, unatoa sponji iliyochoka, unaweka mpya. Ukipima ya kununua kwingine, pima ndani ya kuta na si nje. Kwini kwa nje ni inchi 60 kwa 80, ila kwa baadhi ya miundo sponji ya juu inakaa ndani ya kreti, kwa hiyo ni ndogo kuliko hapo.

Tahadhari moja kabla ya kugusa zipu. Tangu Julai 2007 kila godoro linalouzwa Marekani linatakiwa kupita jaribio la moto wa wazi, na kuna viwanda vinavyotimiza sharti hilo kwa soksi ya ndani, yaani kitambaa kinachovishwa sponji chini ya kava, yenye nyuzi za kioo (fiberglass). Soma lebo ya vifaa. Nyuzi za kioo zikitajwa, usinunue godoro la aina hii, kwa sababu la hewa lazima ulifungue siku moja kulihudumia, na vumbi lile likishatoka ndani ya chumba kulitoa ni kazi ya wiki.

---

Pampu_na_Valvu

Mimi niseme kuhusu kuvuja, maana hapo ndipo watu wanapoteza pesa bure. Wanaagiza mfuko mpya wa mamia ya dola, kumbe kilichokufa ni oringi, kijipete cha kuzibia kiungo, cha senti kadhaa.

Hewa ina njia nne za kutoroka: mfuko wenyewe (mara nyingi kwenye mshono au pale kishina cha valvu kilipogundishwa), kiungo cha mpira (ule wa kupitisha hewa toka kwenye pampu) na mfuko, kiungo cha mpira na pampu, na valvu ndani ya pampu. Kujua ni ipi huhitaji fundi, unahitaji siku mbili na uvumilivu.

Jaza pande zote mbili hadi 100, hakuna anayelala juu. Chomoa mpira wa upande unaoushuku kwenye pampu. Kama kiungo chake hakijifungi chenyewe, kunja mpira uwe kama umevunjika shingo ili hewa isikimbie, kisha weka kizibo kilichokuja na godoro. Uache saa 24. Ukibaki mgumu, mfuko na mpira ni wazima, mwizi ni pampu. Ukilegea, rudia, ila safari hii ziba kwenye mfuko wenyewe na mpira uwe pembeni. Ukibaki mgumu sasa, ni mpira au oringi yake. Ukilegea tena, ni mfuko.

Njia ya haraka zaidi ni kubadilishana: mpira wa kushoto uingie tundu la kulia la pampu, na wa kulia kushoto. Uvujaji ukihama na mfuko, mfuko au mpira wake ndio mbovu. Ukibaki kwenye tundu lile lile la pampu, valvu ya tundu hilo haifungi. Mara nyingi ni uchafu tu, unyuzi wa zulia uliofyonzwa ukakaa mdomoni mwa valvu.

Kwa mfuko, kijiko cha chai cha sabuni ya vyombo kwenye kikombe cha maji, weka kwenye chupa ya kupulizia, puliza kuzunguka kishina cha valvu kwanza, kisha mishono. Tazama kwa subira, mapovu ya tundu dogo ni madogo kama chumvi na yanajikusanya polepole. Ukimaliza kausha kabisa kabla ya kufunga zipu, usijiletee ukungu.

Kiraka? Mfuko wa PVC, yaani wa plastiki, unakubali kiraka cha PVC na gundi yake, katikati ya uwanja tu. Mshononi na kwenye kishina cha valvu hakidumu, kwa sababu hapo pananyooka kila mtu anapogeuka. Mfuko wa mpira ulioimarishwa kwa joto kiwandani na kuvishwa kitambaa cha pamba unahimili zaidi, lakini viraka vya PVC haviushiki. Kwa hiyo swali lako dukani: mfuko ni wa nini? Na unauzwa peke yake bei gani leo? Na pampu?

---

Mtoto_wa_Pangani

Ahsante sana mkuu. Ila nimesoma wengi wakisema jioni wanaweka 50, asubuhi rimoti inaonyesha 40. Hiyo nayo ni kuvuja?

---

Pampu_na_Valvu

Mara nyingi sio. Kuna mambo matatu hapo.

Kwanza, namba ile ni presha. Ukiweka 50 ukiwa umesimama kando ya kitanda halafu ukalala, uzito wako unaipandisha. Ukiiweka ukiwa umelala halafu ukaamka na kupima, inashuka. Pima siku zote ukiwa umelala mkao ule ule, chali.

Pili, joto, na hapa Minnesota hili ni lako. Presha ya mifuko hii ni ndogo mno, chini ya psi 1 (ratili moja kwa inchi ya mraba). Tuseme ni 0.5 juu ya presha ya hewa ya nje, ambayo ni kama 14.7. Jumla 15.2. Chumba kikishuka kutoka nyuzi 72 hadi 63 za Fahrenheit usiku, ile jumla inapungua kwa asilimia 1.7 hivi, yaani kama 0.26. Unaona ujanja wake? Asilimia ndogo ya jumla, lakini ni nusu ya ile 0.5 yako. Mfuko si pipa la chuma, unanywea kidogo, kwa hiyo upungufu halisi ni mdogo kuliko hapo, lakini mtu anausikia mgongoni. Basi ukizima hita usiku, godoro litalegea bila tundu hata moja. Asubuhi chumba kikipata joto namba inarudi yenyewe, na hiyo ndiyo alama ya kukutofautishia: tundu halirudishi hewa.

Hali ya hewa nayo inachangia. Presha ya nje ikipanda au kushuka dhoruba inapopita, namba inacheza. Anayeishi nayo anazoea.

Tatu, mfuko mpya wa PVC unanyooka siku za mwanzo. Wiki ya kwanza kuongeza hewa mara kadhaa ni kawaida. Mwezi wa pili si kawaida tena.

Kuna aina zinazojirekebisha zenyewe usiku ukigeuka. Hizo haziachi namba ishuke, lakini ndizo zinazoleta lalamiko la kelele, maana pampu inaguna saa nane usiku. Kwenye sakafu ya mbao mtetemo unashuka hadi kwa jirani wa chini. Weka pampu juu ya kipande cha sponji ngumu cha inchi moja, isiguse ukuta wala mguu wa kitanda. Usiifunike kwa blanketi hata kama inakera. Inahitaji kupoa, na nyuzi za blanketi ndizo zile zitakazoishia kwenye valvu. Hakikisha pia kwamba hali hiyo ya kujirekebisha inaweza kuzimwa.

Umeme ukikatika usiwe na wasiwasi. Valvu hizi zinakaa zimefungwa bila umeme, hewa inabaki. Unakosa kubadilisha namba tu.

---

BintiMvita

Kaka Pangani, hiyo ya baridi si uongo. Mfuko wa hewa hauna kitu ndani cha kuzuia joto lisitembee. Hewa ya chini inapoa kwa sakafu, ya juu inapashwa na mwili, zinachanganyika kila unapogeuka, joto lako linakwenda zake. Sponji ya juu ikiwa nyembamba unahisi kama umelalia sakafu ya bafuni. Tandiko la sufu au sponji la inchi 1 hadi 2 juu ya godoro, chini ya shuka, linamaliza sehemu kubwa ya lalamiko hilo. Blanketi la umeme liwe la kujifunika, lisiwe la kulalia.

Na kuna wanaolalamika kinyume, eti godoro linawaunguza. Hao wana sponji nene ya memori juu, inashika joto la mwili. Godoro moja, malalamiko mawili, unene wa sponji ndio unaoamua.

Sasa ukungu, ambao watu hawaufikirii mpaka wausikie harufu. Jasho lako la usiku ni mvuke. Unapita kwenye shuka, kava, sponji, ukifika kwenye mpira wa mfuko unakuta ukuta wa baridi, hauna pa kwenda, unageuka maji pale pale. Ukifungua zipu utaona madoa meusi kama pilipili manga upande wa chini wa sponji, na alama zile zile juu ya mfuko, palepale kwenye kiwiliwili. Chumba baridi, godoro juu ya ubao usio na tundu, kava la plastiki juu: hapo umeukaribisha.

Kinga yake haina gharama. Asubuhi usitandike mara moja, rudisha shuka nyuma lipumue saa moja. Kila miezi mitatu hivi fungua zipu, inua sponji, ipepee nusu siku, pangusa mifuko kwa kitambaa kikavu. Unyevu wa chumba uwe asilimia 30 hadi 50, usipite 60; kipimo cha unyevu ni cha dola chache. Kama mnatumia mashine ya kuongeza unyevu wakati wa baridi, ipunguzeni. Kava la kukinga maji liwe lile la utando mwembamba unaopitisha mvuke, lisiwe la nailoni linalolia kwa mlio.

Ukungu ukiwa juu ya mpira, maji na sabuni vinatosha, kausha vizuri, na usimwage klorini, inaula mpira. Ukiwa umeingia ndani ya sponji, tupa hiyo sponji. Haisafishiki.

Kitanda chenyewe: chaga zisiachane zaidi ya inchi 3, la sivyo mfuko unajichomoza kati ya chaga na godoro linapinda. Na kama kuna mtoto mchanga nyumbani asilazwe humo kabisa, hata kwa usingizi wa mchana. Uso unaobonyea na ufa wa katikati ni hatari ya kukosa pumzi.

---

Karani_wa_Risiti

Nyote mmesema ya kitanda, mie nitasema ya karatasi, kwani ukihesabu hasira za wanunuzi nusu yake ni karatasi.

Sheria ya Marekani ya waranti ya 1975 inataka waranti yoyote ya maandishi kwa bidhaa inayozidi dola 10 ijitaje kama ni kamili au yenye mipaka, na kwa inayozidi dola 15 muuzaji akuruhusu kuisoma kabla hujanunua. Iombe uisome nyumbani. Utakuta karibu zote ni za mipaka. Neno "miaka 15" lililoandikwa kwa wino mkubwa lina maana ndogo. La maana ni mwaka wa ngapi unaanza kuchangia. Mfano wa hesabu ya aina hii: mwaka wa kwanza bure, kisha mteja analipa asilimia 20 ya bei, pamoja na asilimia 4 kwa kila mwaka tangu anunue. Mwaka wa 8 unalipa 52. Na ni 52 ya bei ya siku hiyo, si ile uliyonunulia.

Bonde nalo lina kipimo chake. Waranti nyingi za magodoro zinataka libonyee kati ya inchi 0.75 na 1.5 bila mtu juu yake. Bonde la inchi moja ambapo mkataba unasema moja na nusu, hulipwi. Namna ya kupima: ondoa shuka zote, jaza pande zote hadi 100, laza fimbo ya ufagio iliyonyooka kutoka ukingo hadi ukingo, simamisha rula penye kina zaidi, piga picha ambayo namba za rula zinasomeka. Fanya hivyo pia wiki ya kwanza, uwe na picha ya mwanzo. Na doa lolote, la chai au la mtoto, ni kisingizio cha kukataa dai, hata kama tatizo ni pampu. Kava la kukinga liwekwe siku ile ile ya kwanza.

Kuhusu kurudisha: hakuna sheria ya nchi nzima inayomlazimisha muuzaji kukurudishia pesa eti hukulipenda. Ile kanuni ya siku tatu ni ya mauzo ya mlangoni na sehemu za muda, haihusu ulichonunua dukani wala mtandaoni. Unachopewa ni kile tu alichokiandika mwenyewe. "Usiku 100 wa majaribio" uliza mambo haya: lazima nilale siku ngapi kwanza kabla ya kuruhusiwa kurudisha? Nani analipa usafiri wa kurudisha, kiasi gani? Ile pesa ya kulileta na kulifunga inarudi? Fremu ya kupandisha kichwa na miguu mara nyingi hairudishwi kabisa, na ndiyo bei kubwa ya pili kwenye risiti. Kama hamuihitaji, msikubali kuunganishiwa.

Mkopo wa duka sasa. "Miezi 24 bila riba" mara nyingi si bila riba, ni riba iliyowekwa pembeni. Godoro la dola 3,600 kwa miezi 24 ni 150 kila mwezi. Kiwango cha chini kinachoandikwa kwenye bili huenda kikawa pungufu ya hapo, ukilipa hicho hutamaliza kwa wakati. Siku ya mwisho ikikukuta na deni la dola 200, hutozwi riba ya 200. Unatozwa iliyokuwa ikihesabiwa tangu siku ya kununua. Gawanya mwenyewe, weka malipo ya kujikata, ongeza dola 10.

---

Mzee_wa_Chaga

Wanangu, mnamzungusha bure. Mtu wa 230 na mtu wa 140 wanunue magodoro mawili membamba ya inchi 38 kwa 80, moja gumu moja laini, wayaweke bega kwa bega kwenye fremu ya kingi. Hayana pampu, hayana mpira, hayana waifai. Sponji nzuri au mpira wa asili wa lateksi, wamemaliza.

---

Fundi_Sponji

Shikamoo mzee. Hoja yako ina uzito, na kwa wengi ndiyo jibu sahihi. Mipaka yake ni miwili. Wao wanataka kwini, na magodoro mawili ya hivyo ni kingi, inchi 76, chumba cha apatimenti huenda kisiruhusu. Pili, ufa wa katikati upo vile vile. Hewa inashinda pale tu hali ya mtu inapobadilika: mgongo, ujauzito, upasuaji wa nyonga. Asiye na sababu hiyo analipia rimoti. Hapo naungana nawe.

---

Mzee_wa_Chaga

Marahaba. Basi na hiyo rimoti aiulize kama ipo. Siku hizi mengine yanaendeshwa kwa simu tu, rimoti inauzwa kando.

---

Karani_wa_Risiti

Kweli mzee, nilisahau. Yale yenye vihisio yanapima pumzi, mapigo ya moyo na saa ulizolala, na taarifa hizo zinakaa kwenye akaunti ya kampuni. Uliza: bila akaunti, namba inapanda na kushuka? Kuna kipengele chochote cha kulipia kila mwezi? Na mengi ya vifaa hivi yanashika waifai ya gigahezi 2.4 tu, ruta ikitoa 5 peke yake, kitanda hakiunganiki na mtu anadhani pampu imekufa.

---

Tanga_Raha

Samahani kudandia uzi. La namna hii likisafirishwa kwenye kontena kuja Tanga litafanya kazi? Na lina tofauti gani na yale ya upepo ya wagonjwa yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa tiba?

---

Pampu_na_Valvu

Ni vitu viwili tofauti kabisa, dada au kaka. La mgonjwa ni la kuzuia vidonda vya mgandamizo. Lina vijaruba vya hewa vinavyojaa na kupungua kwa zamu, kila dakika 10 hivi, pampu inafanya kazi mchana na usiku. Umeme ukikatika linaanza kulegea. Hili la kulalia pampu inaamka tu ukibonyeza. Usimnunulie mgonjwa asiyejigeuza hili la rimoti ukidhani litamkinga na vidonda, halibadilishi mgandamizo kwa zamu.

Umeme: huku ni volti 120 na mzunguko wa hezi 60, Tanzania ni 230 na 50. Angalia kibati cha pampu au adapta. Kikiandika 100 hadi 240, unahitaji kichwa cha plagi tu. Kikiandika 120 pekee, ukichomeka ukutani huko umeiua papo hapo. Transfoma ya kushusha inatibu volti, haitibu ule mzunguko. Pampu za sumaku zinazotegemea mzunguko wa umeme kwa 50 zinasukuma kidogo na koili inapata moto. Unyevu wa pwani utaleta ukungu mara mbili ya huku, na panya akitafuna mpira, wa kufanana nao hutaupata madukani Ngamiani. Mimi nisingelisafirisha.

---

Mtoto_wa_Pangani

Nimeelewa mengi. Jumamosi tunakwenda dukani wote wawili. Tujaribu vipi pale, na kuhama je?

---

Fundi_Sponji

Nendeni na nguo nyepesi, msivae makoti mazito. Mlale wote wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja na namba yake, dakika 15 si chini. Mtu mmoja akijaribu peke yake tuta halionekani. Kisha mume ageuke mzima mzima, mke asikilize kama anarushwa. Mfuko ukiwa karibu na 100 unadunda. Kaeni wote ukingoni, upande mmoja, kama mnavaa viatu. Ukuta wa sponji ukijikunja hadi chaga zisikike, huo hautafika mbali. Halafu muombe muuzaji afungue zipu ya lile la maonyesho. Bonyeza sponji kwa ngumi hesabu mpaka kumi, achia. Ilinganishe sehemu ya katikati na ya miguuni, kwa sababu katikati wamelaliwa na mamia ya watu. Tofauti ukiiona kwa macho, umeshajua litakavyokuwa kwako. Asipokubali kufungua, andika hilo pia.

---

Pampu_na_Valvu

Kuhama: halibebwi likiwa zima. Toa hewa hadi 0, chomoa mipira, ziba valvu kwa vizibo vile vile (visipotee, vigundishe kwa tepu kwenye pampu sasa hivi), kunja mifuko kwa ulegevu bila kuweka mkunjo mkali kwenye kishina, andika "kushoto" na "kulia" juu yake kwa kalamu ya wino. Siku ya baridi kali usifungue PVC iliyotoka nje kwenye gari. Iache ndani ya nyumba saa kadhaa ipate joto, ikiwa imeganda inapasuka kwenye mkunjo. Ghorofa ya tatu, mifuko ndiyo mzigo mwepesi. Fremu ndiyo itakayowatoa jasho, pimeni kona ya ngazi kwanza.